Bustani Katika Ardhi ya Mchanga: Majibu kwa Wakulima wa Madimba na Mwambao wa Ruvuma

Kila mwaka masika yanapoaga na upepo wa kusi unapoanza kuvuma, wakati visima vingali na maji na watu wana hamu ya kulima mboga za kiangazi, mimi huletewa swali moja na watu wa Madimba, wa Kilambo, wa Mahurunga na wa Msimbati, nalo ni hili: ninunue mbolea gani ili mchicha wangu usiwe manjano na nyanya zangu zisidumae? Wengine huuliza kwa unyonge, baada ya kutumia fedha nyingi dukani wasione faida. Wengine huuliza kwa hasira, wakidhani wameuziwa mbolea bandia. Na wengine, hususan wageni waliokuja kufanya kazi katika mitambo ya gesi wakapata kiwanja nyuma ya nyumba, huuliza kwa mshangao, maana huko kwao Mbeya au Kilimanjaro hawakupata kuona mboga zikigoma namna hii.

Swali hilo ni la haki, ila limeanzia katikati. Ardhi yetu ya mwambao, kwa sehemu iliyo kubwa, ni kichanga, na kichanga ni ghala lisilo na sakafu: ukiwekacho asubuhi, mvua ya usiku mmoja au ndoo chache za maji hukiteremsha mbali kuliko mizizi iwezavyo kukifuata. Kwa hiyo jibu langu, ambalo nimelitoa mara nyingi kwa mdomo na sasa nalitia katika maandishi, ni kwamba kabla ya kununua mbolea ya namna yoyote yapasa kuupa udongo uwezo wa kushika maji na kushika chakula cha mimea. Na uwezo huo hauuzwi dukani, bali hutengenezwa nyumbani kwa majani, kwa samadi na kwa subira.

Jueni kwanza udongo mlio nao

Katika mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Madimba mtu hukanyaga udongo wa tabia mbalimbali, na ushauri ufaao kwa mmoja waweza kuwa hasara kwa mwingine.

- Kichanga chekundu au cha kijivu cha penye mikorosho. Hulimika kwa wepesi, hukauka upesi, na aghalabu kina tindikali.
- Mchanga mweupe wa karibu na pwani, wenye vipande vya makombe na matumbawe. Huu hauna tindikali. Taabu yake ni kinyume, kwa kuwa chokaa iliyomo huizuia mimea kupata madini ya chuma.
- Udongo mzito mweusi wa bonde la Ruvuma. Una rutuba, lakini hutuamisha maji wakati wa mvua na hupasuka nyufa wakati wa jua. Mpunga waupenda, nyanya zahitaji matengenezo.
- Tope la mikokoni. Liacheni lilipo. Tope hilo likitolewa majini na kukaushwa hugeuka kuwa na tindikali kali kabisa, mbali ya chumvi yake; na mikoko yenyewe ni msitu unaolindwa kwa sheria, katika eneo la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kwenye Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma.

Kama mna shaka na aina ya udongo wenu, fanyeni jaribio hili ambalo halina gharama.

1. Chimbeni kina cha kiganja na nusu, mchukue udongo, mwondoe mizizi na mawe.
2. Jazeni chupa pana ya kioo au ya plastiki hadi theluthi moja, kisha mtie maji mpaka karibu na mdomo, pamoja na chembe chache za sabuni ya unga.
3. Tikiseni kwa nguvu muda wa dakika chache, kisha muiweke mahali pasipoguswa.
4. Mchanga hutua chini katika dakika ya kwanza au ya pili; tope laini hutua katika saa chache; mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Takataka nyeusi zinazoelea juu ndizo mabaki ya majani na mizizi, yaani mali ambayo tunaitafuta.

Katika udongo wa viwanja vingi vya Madimba mtaona tabaka nene la mchanga, utepe mwembamba wa mfinyanzi juu yake, na uchafu mweusi wa kuelea usiojaza hata kijiko. Hapo mtafahamu wenyewe kwa nini mbolea ya mwaka jana haikukaa.

Asiyeona haja ya kuuchunguza udongo kabla ya kulima na aikumbuke bandari ya Mtwara ilivyopatikana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mashine huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya mpango huo bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa kwenda Nachingwea. Lakini misitu ilifyekwa kabla udongo na mvua havijapimwa kwa utulivu, na kule Kongwa udongo, ambao masika ulikuwa laini, uliposhikwa na jua ulikuwa mgumu hata ukayashinda majembe ya chuma. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ikiwa watu wenye matrekta na wataalamu walishindwa kwa kuharakisha jambo hili, sisi wenye jembe la mkono hatuna udhuru.

«Mbona bibi zetu hawakufanya haya yote?»

Hili ni pingamizi ninalolisikia zaidi kuliko yote, nalo lastahili jibu la heshima. Bibi zetu walilima pahali misimu michache, wakaona mazao yamepungua, wakapaacha pawe pori miaka mingi wakahamia pengine. Pori likaangusha majani, majani yakaoza, na ardhi ikarudisha nguvu zake bila ya mtu kuinua mkono. Wao hawakuwa wavivu wa kutengeneza mboji, msitu uliwatengenezea. Leo viwanja vimepimwa, mipaka imewekwa, watu wamezidi, na anayelima hapa mwaka huu atalima hapa hapa mwaka ujao na mwaka wa tatu. Maadamu hatuwezi kumsubiri msitu, lazima tuifanye kazi yake kwa mikono yetu.

Mahali pa bustani

Kabla ya kushika jembe, zungukeni kiwanja asubuhi, adhuhuri na alasiri, mkatazame mambo manne.

Jua. Nyanya, bamia, bilinganya na pilipili zataka jua lisilopungua saa sita kwa siku. Mchicha, figili na matembele huvumilia kivuli kidogo. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii: kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, adhuhuri ya kiangazi jua hupita upande wa kaskazini wetu na vivuli huanguka kusini. Basi mimea mirefu ya bustani ya kiangazi ipandwe upande wa kusini wa ile mifupi, isije ikaifunika. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka karibu tarehe 20 Februari hali hugeuka, jua la adhuhuri likawa kusini.

Miti. Msilime chini ya mkorosho wala mwembe kwa kuvutiwa na ubaridi wake. Kivuli ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni mizizi, ambayo huenea mbali na kuja kunywa maji mnayoyabeba kwa kichwa. Tena, mikorosho ikipulizwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, sehemu ya salfa hiyo huanguka ardhini, na vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali. Palipopulizwa miaka mingi mfululizo mboga nyingi hukataa.

Upepo. Kusi hukausha majani kuliko jua, na karibu na bahari huleta chumvi. Wekeni ua wa makuti au mstari wa mbaazi upande wa kusini-mashariki. Ua usiwe ukuta mzito. Upepo uupenye na kupungua nguvu.

Maji. Bustani iliyo mbali na kisima hufa katika mwezi wa pili, si kwa ukame bali kwa uchovu wa mwenyewe. Hili kwa kweli nimelishuhudia kwa watu wenye bidii kabisa. Heri matuta matatu mlangoni kuliko robo ya eka kando ya mto, ambako aidha kuna viboko wa kula usiku na mamba wa kuogopwa mchana.

Tuta la kuzama, si la kuinuka

Kosa kubwa la bustani za hapa ni kuiga. Mtu ameona picha ya matuta yaliyoinuliwa, au amelima bondeni ambako matuta ya kuinuka ni lazima, naye huja kuyainua katika kichanga, na kwa kufanya hivyo huusaidia mchanga kukauka pande zote. Katika mfinyanzi wa bondeni inueni tuta sentimita 20 au 30 ili maji yatoke. Katika kichanga zamisheni tuta ili maji yaje.

1. Pimeni upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila ya kukanyaga ndani. Njia iwe nusu mita.
2. Toeni udongo wa juu kwa kina cha sentimita 20 mkauweke kando. Huu ndio wenye uhai. Usichanganywe na wa chini.
3. Chini ya shimo tandazeni majani makavu, magome ya migomba na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vyote vikiwa vimeloweshwa tangu jana yake, unene wa kiganja. Mkishindilia vikavu vitakunywa maji yenu badala ya kuyahifadhi.
4. Changanyeni ule udongo wa juu na debe moja la mboji au samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, kisha mrudishe. Misimu inayofuata nusu debe yatosha.
5. Udongo uliozidi uwe kingo. Uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa sentimita 5 hadi 10.
6. Mwagilieni, mfunike kwa majani, mngoje wiki mbili kabla ya kupandikiza.

Mtaniambia kuwa debe moja kwa kila mita ya mraba ni jingi na samadi ni adimu. Ni kweli ni adimu, kwani nchi yetu ya kusini haikuwa nchi ya ng'ombe wengi. Kwa sababu hiyo nawasihi mwanze na tuta moja la mita 5, mlishibishe, kuliko kupaka samadi kidogo kidogo juu ya uwanja mzima msione tofauti. Tuta moja lililokamilika hulisha nyumba mchicha wa kila wiki; eneo pana lenye njaa halilishi mtu.

Mboji: kazi ambayo haina badala

Hapa nataka kukaa kitambo, kwa sababu hapa ndipo bustani hufaulu au hufeli.

Mali ghafi ipo, ila twaichoma. Kila kiangazi moshi hupanda kutoka chini ya mikorosho, majani yakifagiliwa na kutiwa moto ili uwanja uwe safi wa kuokotea korosho. Yanayobaki baada ya moto ni majivu, ambayo yana manufaa yake, lakini naitrojeni yote imekwenda na moshi, na ule mwili wa jani ambao ungaliushikia mchanga maji umepotea. Fagieni kama mlivyozoea. Mlichofagia kipelekeni shimoni.

Kiangazi tengenezeni mboji shimoni, kina cha nusu mita mpaka robo tatu, chini ya kivuli, ili unyevu usipotee. Masika itengenezeni juu ya ardhi, ili shimo lisijae maji. Pangeni hivi:

- tabaka la vijiti na mabua chini kabisa, hewa ipite;
- majani makavu, vipimo vitatu. Ya mkorosho ni magumu na hukawia, basi yapondwe kwa miguu na kuloweshwa;
- majani mabichi, kipimo kimoja: ya mbaazi, ya kunde, ya mjohoro, magugu ambayo hayajatoa mbegu;
- samadi au mboji ya zamani, kiasi cha kunyunyiza;
- maji, kisha mrudie tabaka tena mpaka mjaze.

Funikeni kwa makuti. Baada ya siku chache chomekeni kijiti kirefu katikati, mkitoe, mkishike: kikiwa na joto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongezeni maji na majani mabichi, kikiwa baridi na kinanuka uvundo, maji yamezidi, pindueni. Kipimo cha unyevu ni kukamua konzi moja kwa nguvu: yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Pindueni kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa joto la huku kwetu mboji huiva katika miezi miwili hadi mitatu. Imeiva pale msipoweza kutambua hili lilikuwa jani gani, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua.

Wengi hulalamika kuwa mchwa huila mboji yote. Mchwa huja penye ukavu. Shimo linalomwagiliwa na kupinduliwa hawalitawali.

Yanayotiwa ardhini, na hadhari zake

- Samadi ya mbuzi ni njema, lakini vipunje vyake vikavu hukaa muda mrefu bila ya kuoza. Viloweshwe na kurundikwa mwezi mmoja kwanza.
- Samadi ya kuku ina nguvu nyingi. Ikitiwa mbichi huunguza miche. Iozeshwe, na kipimo kiwe nusu ya kile cha mbuzi.
- Majivu hupunguza tindikali na huleta potasiamu. Kilo 1 kwa mita 10 za mraba kwa mwaka yatosha. Msiyachanganye na samadi katika rundo moja, kwani huifukuza naitrojeni hewani, wala msiyatie kabisa katika mchanga mweupe wa matumbawe.
- Mwani unaotupwa ufukweni na kusi ni chakula kizuri cha udongo, mradi uoshwe au uachwe unyeshewe mpaka chumvi itoke.
- Vichwa na matumbo ya samaki yafukiwe sentimita 30 chini, mbali na shina, ama sivyo paka na mbwa watayafukua usiku ule ule.
- Pumba za mbao mbichi zisichanganywe na udongo; vijidudu vinavyozila huchukua naitrojeni ya mimea. Juu ya njia zafaa.

Ama chokaa ya kuchoma matumbawe, nasema wazi kwamba sitaki kuiona bustanini: inaunguza mizizi, na tumbawe lililo hai ndilo nyumba ya samaki tunaowala.

Je, mbolea ya dukani ni haramu?

La, hasha. Wako wanaohubiri kwamba mbolea ya viwandani inaua ardhi, na wako wanaodhani pasipo mfuko wa mbolea hapana kilimo, wote wamezidisha. Urea ni naitrojeni ya hewani iliyounganishwa kwa msaada wa gesi asilia, gesi ya jinsi ile ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 na ambayo leo husafishwa hapa Madimba, na mmea hauulizi naitrojeni imetoka wapi. Kinachodhuru ni kipimo na wakati.

Katika kichanga gaweni dozi. Badala ya kutia yote siku moja, tieni kizibo kimoja cha soda kwa kila shina la nyanya au bamia, umbali wa sentimita 10 kutoka shina, mfukie, mmwagilie. Kisha mrudie baada ya wiki mbili au tatu. Mbolea iliyoachwa juu ya mchanga mkavu huruka hewani, na iliyogusa shina huliunguza. Na isitiwe kabla ya mvua kubwa, kwa kuwa siku ya pili itakuwa imekwisha kwenda kwa majirani wa chini.

Maji ya kisima na chumvi yake

Kichanga chataka maji kidogo mara nyingi: lita 4 au 5 kwa mita ya mraba, alfajiri au jioni, na katika joto kali mgawe mara mbili. Mkitandaza majani makavu juu ya tuta, unene wa vidole vinne, mtapunguza safari za kisimani. Acheni tu nafasi kidogo kuzunguka shina, lisioze.

Visima vingi vya karibu na maingilio ya mto vina chumvi, nayo huzidi kadiri kiangazi kinavyosonga. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zinazoungua. Ikiwa ndiyo hali yenu, msinyunyize maji juu ya majani bali chini ya shina. Acheni maharage, karoti na vitunguu, mpande spinachi na minazi, ambavyo huvumilia, na nyanya kwa kadiri. Nanyi mwachotao mtoni choteni maji yapwapo, si yajaapo, na hususan siku za bamvua mjihadhari.

Kuusoma mmea

Mmea hauna kauli, lakini una dalili, na mwenye kuzijua hatumii fedha kwa kubahatisha.

- Majani ya chini, ya zamani, yageuka manjano kwanza: naitrojeni imepungua. Mmea huitoa katika majani makuukuu kuyapa machanga.
- Majani machanga ni manjano ilhali mishipa yake ni ya kijani: chuma hakipatikani, jambo la kawaida katika mchanga wa matumbawe. Urea haitasaidia, mboji itasaidia.
- Majani ya miche yana rangi ya zambarau: fosforasi.
- Kingo za majani ya chini zaungua, na maji yenu si ya chumvi: potasiamu.
- Kitako cha nyanya ni cheusi na kimebonyea: maji yametolewa leo mengi, kesho hapana, na kalisi ikashindwa kufika kwenye tunda.

Majani yakinyauka adhuhuri na kuinuka jioni, msitaharuki. Mmea umefunga vitundu vya majani yake kuokoa maji. Yakiamka asubuhi yamenyauka, hapo pana jambo. Kateni shina la nyanya iliyonyauka karibu na ardhi, mkalining'inize katika bilauri ya maji safi bila ya kulitikisa. Ukitoka uzi mweupe mithili ya maziwa na kushuka polepole, huo ni mnyauko bakteria, wala hauna dawa. Ng'oeni, mchome, na pahali hapo msipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Na mizizi nayo isomwe. Ng'oeni mkunde mmoja uliokaribia kutoa maua, mtikise mchanga taratibu, mtaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi. Kibanueni kimoja kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani kama wa nyama, bakteria waliomo wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na mabaki ya kunde hizo yafukiwe tutani, kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi. Sasa ng'oeni na bamia iliyodumaa. Nayo yaweza kuwa na uvimbe mizizini, lakini jaribuni kuubandua: haubanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba kwa minyoo fundo. Minyoo hao hupenda mno mchanga wetu, na watu wengi wameumwagia mbolea mmea ambao taabu yake haikuwa njaa. Wapunguzeni kwa kuzungusha mazao, kwa kupanda karanga pale palipokuwa na bamia au nyanya, kwa kuupindua udongo ukaanikwa na jua la Septemba, na kwa mboji nyingi.

Mwaka wa bustani, kwa ufupi

- Machi na Aprili: sieni nyanya, bilinganya na pilipili kitaluni, chini ya kichanja cha makuti.
- Mei na Juni: pandikizeni jioni. Hali ya hewa imepoa, maji yapo.
- Julai hadi Oktoba: vuneni, kusanyeni majani, jazeni mashimo ya mboji.
- Novemba: tayarisheni matuta kabla ya mvua.
- Desemba hadi Februari: kunde, mlenda, mchicha na matembele. Nyanya za masika huoza kwa ukungu. Mwenye kuanza na aziache.

Kupima udongo kwa wataalamu

Mwenye kutaka yakini zaidi na achukue sampuli. Chimbeni pahali 10 hadi 15 kwa mwendo wa kukata kona, kina cha sentimita 20, mkiepuka njia, penye majivu na penye rundo la samadi. Changanyeni katika ndoo safi, mwanike kivulini, kisha mfunge nusu kilo katika mfuko wenye jina la kijiji na zao lililolimwa. Mpelekeeni bwana shamba au bibi shamba wa kata, mkamwombe awaelekeze. Kituo cha Naliendele, kilicho jirani na mji wa Mtwara, ndicho chenye ujuzi mrefu wa korosho, ufuta na karanga za nchi yetu, na Mlingano huko Tanga ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa udongo.

Kwa wanaolima kiwanja cha kupanga

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika udongo, nalo limewavunja moyo wengi. Kichanga hutaka misimu miwili au mitatu ya mboji mpaka kibadilike rangi, na mara nyingi ndipo mwenye kiwanja, akiona mboga zimestawi, hukumbuka kwamba anakihitaji. Wenye viwanja, nawaomba mwaone haya. Na ninyi mnaopanga, pataneni muda usiopungua miaka mitatu, mkauandike mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi, kabla debe la kwanza la samadi halijaingia ardhini.